Barua kwa Mama Nuru kuhusu anwani ya Dakota

Quartzsite, Arizona
Jumapili usiku, Januari

Shoga yangu Mama Nuru,

Salaam aleikum, na salamu kwa Nuru huko chuoni. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nakaanga mandazi, mara ya pili nikazima jiko kabisa, maana niliona hili si jambo la kujibiwa kwa sauti. Ati unataka kuiacha nyumba ya Minneapolis mwezi wa sita, ununue hilo gari-nyumba uliloliona, uchukue kandarasi za uuguzi za wiki 13 huku na kule, na anwani uiweke Sioux Falls, South Dakota, "kama Mama Rayyan alivyofanya". Shemeji yako ananicheka kuniona nimeshika kalamu. Mwache acheke. Soma hadi mwisho kabla hujalipa arubuni ya hilo gari.

Kwanza, mambo ya sanduku la posta si mageni kwetu. Unaukumbuka ule ufunguo mdogo wa baba, aliokuwa ameufunga pamoja na ufunguo wa baiskeli kwa uzi wa nyavu? Kila Ijumaa akitoka bandarini anapitia posta, anarudi na barua za nusu ya mtaa: ya mwalimu, ya yule mama wa vitumbua ambaye mwanawe alikuwa Muscat, na ile bahasha yako ya matokeo ya mtihani, imeandikwa "kwa hisani ya". Nani aliwahi kutuuliza kama tunalala ndani ya sanduku? Anayetaka kufika nyumbani alielekezwa: pita msikiti, uliza kwa fundi saa, mlango wa kijani. Barua zilikuwa na pahala pao na mlango ulikuwa na pahala pake. Hapa Marekani wameviunganisha viwili hivyo vikawa kitu kimoja, ndipo taabu yetu sisi tusio na mlango inapoanzia.

Kampuni ya Dakota inayowapokelea watu barua inakupa nambari iitwayo PMB, yaani sanduku binafsi la barua, kwenye jengo lenye mtaa na namba yake. Barua ikifika wanapiga picha bahasha, naiona kwenye simu. Naamua mwenyewe: waifungue waiskani, waisage, au waiweke kwenye fungu langu hadi nitakapowaambia nipo wapi, walitume lote pamoja. Unalipa ada ya mwaka, na juu yake unawawekea akiba ya stempu, ikiisha unajaza kama luku. Hilo ndilo wanalolifanya, na wanalifanya vizuri. Tangu tuanze sijapoteza bahasha hata moja.

Ila kabla hawajaigusa barua yako ya kwanza, posta inawataka wawe na Fomu 1583, nayo utaisaini mbele ya notari, mshuhudia saini, siku hizi hata kwa video. Inataka hati mbili: moja ya picha, na nyingine inayoonyesha unapokaa. Umeuona mtego? Ili upewe anwani sharti uwe na anwani. Sisi tulikuwa tumeshakabidhi funguo za nyumba Columbus, tukabaki kwenye maegesho ya duka tunapekua makaratasi ya bima ya gari, shemeji yako akinilaumu kwamba mimi ndiye niliyesema "tutafanya njiani". Kwa hiyo ukija kuifanya, ifanye ungali na mkataba wa nyumba mkononi.

Leseni ya udereva ndiyo ninayojua ulitaka nikusimulie. Kweli, jimbo linataka usiku mmoja tu. Risiti ya hoteli au kambi ndani ya South Dakota, isiyozidi mwaka mmoja, karatasi yenye anwani yako ya PMB, na kiapo kwamba hilo ndilo jimbo lako. Tulilala kambini nje kidogo ya Sioux Falls mwezi wa nne, kwa upepo ambao ulilitikisa gari usiku kucha utadhani tumo jahazini kwenye kusi. Asubuhi tukapanga foleni. Karani alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kwa mnyororo. Aliishika risiti yetu akaiinua kwenye taa kama mtu anayekagua noti ya elfu. "Hapa pana jina la mume tu," akasema. Basi mimi sikulala pale! Baba Rayyan akarudi kambini mbio wakaiandike upya kwa majina mawili, mimi nikabaki nalinda zamu. Kufika saa sita mambo yalikuwa yamekwisha, leseni ya miaka mitano, na gari halikutakiwa kukaguliwa. Wengine wanapenda Texas, ambako Escapees, chama cha wenye magari-nyumba kilichoanzishwa 1978, kinawapokelea watu barua mjini Livingston. Wenye mashua wanapenda Green Cove Springs, Florida. Majimbo yote matatu hayatozi kodi ya mshahara, ndiyo maana majina yake unayasikia kila siku.

Sasa nije penye uchungu.

Mwaka wa kwanza niliandika ile anwani ya Dakota kila mahali, kwa furaha, kama msichana aliyepata jina jipya la ndoa. Benki nayo nikaiandikia, kwenye mstari wa makazi. Miezi miwili baadaye, kwenye kituo cha mafuta huko Wyoming, kadi ikakataa. Nikaingiza tena, ikakataa. Kumbe orodha ya posta inaonyesha wazi kuwa jengo lile ni la wapokeaji barua, na tangu sheria ya 2001 iliyokuja baada ya Septemba 11, benki zinatakiwa kujua mteja analala wapi, siyo barua zake zinalala wapi. Walikuwa wameniandikia kuuliza. Barua ilikuwa imefika salama kabisa kule Dakota, nami nimeiona picha ya bahasha nikaidhania tangazo la mkopo, nikawaamuru waisage! Tulilala pale pale kituoni. Kilichotutoa ni kitu ambacho yule bibi wa benki mwenyewe alinieleza kwenye simu: kanuni inaruhusu mtu asiye na makazi ya kudumu atoe anwani ya nyumba ya ndugu wa karibu, mradi iandikwe hivyo hivyo, kwamba ni ya ndugu. Basi benki inaijua nyumba ya mdogo wangu wa Columbus, na barua wanatuma Dakota. Usiseme uongo kwenye fomu hizi. Kila fomu ina mistari miwili, soma mmoja mmoja.

La pili ni letu sisi manesi, na hapa ndipo ninapoogopa umedanganywa. Najua kinachokuvuta. Minnesota haimo kwenye ule mkataba wa leseni za uuguzi za majimbo mengi, South Dakota imo, nawe unaona ukiwa mkazi wa Dakota utafanya kazi Arizona, Texas, Tennessee bila kuomba leseni upya kila mara. Hilo ni kweli. California itakutaka leseni yake hata hivyo. Lakini leseni hiyo inatolewa na jimbo ambalo ndilo makao yako makuu: leseni ya udereva, kura, fomu ya kodi, vyote visome pamoja. Huwezi kuwa wa Dakota kwa bodi ya manesi na wa Minnesota kwa kitu kingine.

Halafu zile posho za nyumba na chakula ambazo wakala anakuahidi hazikatwi kodi. Hazikatwi kwa mtu mwenye nyumba anayoendelea kuilipia pahala pengine, akaiacha kwa muda akaenda kufanya kazi. Asiye na nyumba wala kituo cha kudumu, kwa watu wa kodi huyo ni mtu wa kuhamahama, na makao yake ya kodi ni popote anapofanya kazi siku hiyo. PMB si nyumba. Kwa hiyo posho yote inageuka mshahara. Mimi nilitia saini ile karatasi ya wakala ya "nina makao ya kodi" bila kuisoma, nilikuwa natoka zamu ya usiku. Mhasibu aliiona mwezi wa tatu, akavua miwani, akaniuliza taratibu, "Mama, nyumba yenyewe iko wapi?" Nikamtajia Sioux Falls. "Unalala hapo?" Nilirekebisha fomu nikalipa tofauti. Sikutamani kununua hata kanga mwaka ule.

Na usisahau kwamba jimbo unalofanyia kazi lina haki yake. Ukitoa jasho California, California itakata kodi ya jasho hilo, iwe leseni yako ni ya Dakota au ya mwezini. Minnesota nao hawakuachii kwa sababu tu umebadilisha sanduku. Wanaangalia samani zako ziko wapi, familia iko wapi, unarudi wapi ukipata likizo. Wewe Nuru yuko chuo hapo, na makochi unataka kuyaweka ghala la Bloomington. Wangekuwa wajinga wasiulize.

Haya yote yana dawa. Lisilo na dawa ni la tatu, na ndilo lililonitoa jikoni.

Mama Nuru, bado una grinikadi, kibali cha ukazi tu, si uraia. Mimi nilipohamia kwenye magurudumu nilikuwa nimeshaapa kiapo cha uraia, pasipoti mfukoni, sina wa kuniuliza nimelala wapi jana. Wewe ukihama una siku 10 za kuwajulisha uhamiaji kwa fomu ya AR-11, na wanataka pahala unapokaa kweli kweli. Barua watakutumia Dakota ukiwaomba, fomu ina mstari wake, lakini makazi ni makazi. Gari likisogea kila wiki mbili utajaza hiyo fomu mpaka vidole viote sugu. Na hilo ndilo dogo. Ukiomba uraia watataka anwani za miaka mitano yote, na uwe umekaa miezi mitatu kwenye jimbo unalotajwa kuwa mkazi wake kabla ya kupeleka ombi. Usiku mmoja kambini unamtosha karani wa leseni. Kwa afisa wa uraia utasema nini? Kwamba makazi yako ni jengo lenye rafu elfu moja na wewe ni rafu mojawapo? Halafu wakuite alama za vidole Minneapolis, wewe uko zamu Tucson?

Ulisema miaka yako mitano inatimia Novemba. Ombi linaweza kwenda siku 90 kabla, yaani Agosti. Sasa unataka kuvunja nyumba mwezi wa sita! Shoga, miezi miwili! Kaa hapo hapo. Lipa hiyo kodi ya nyumba, lalamika unavyolalamika siku zote, peleka ombi, nenda kwenye usaili, uape, ndipo tuzungumze magari. Gari-nyumba hupati la bei mbaya wakati wa baridi, watu wa Minnesota wanayauza kabla ya theluji kuyaharibu mabomba. Shemeji yako atakuja kulikagua mwenyewe, asikudanganye mtu na rangi mpya.

Mengine ni madogo. Bima ya afya ya soko la serikali inafuata "zip code", namba ya posta ya eneo lako, na madaktari wake wengi wanaishia mpakani mwa jimbo, kwa hiyo usiichague kwa bei tu. Kura nayo, tangu 2023 Dakota wanataka uwe umekaa siku 30 kabla ya kujiandikisha, risiti ya kambi haitoshi huko. Na mahakama ya kaunti ilishaniita kwenye juri nikiwa huku jangwani. Nikawaandikia kwa adabu, wakaniachia.

Unaniuliza kama najuta. Hapana. Jana jioni tumekaa nje na majirani, mzee wa Alberta na mkewe, na dereva mmoja mstaafu wa malori aliyewahi kufika Mombasa kwa meli mwaka 1974 na anakumbuka bei ya madafu. Jangwa hili wakati wa baridi linajaa maelfu ya watu kama sisi, na ukiwauliza wanatoka wapi wanasita kidogo kwanza, ndipo wanajibu. Hapo huwa nacheka. Sisi tulilizoea swali hilo zamani.

Sasa yangu. Iliki zimeniisha, na bizari ya pilau ya huku ni vumbi. Ukipita kwa Wasomali hapo Lake Street nichukulie nusu kilo ya kila kimoja. Usitume Dakota, zitazunguka nchi nzima na nitalipia stempu mara mbili. Andika General Delivery, Quartzsite, Arizona 85346, posta watanishikia, tuko hapa hadi mwisho wa Februari. Na kwenye bahasha andika lile jina langu la kwenye leseni, maana mara ya mwisho uliandika "Mama Rayyan" na karani akakataa katakata kunipa.

Mimi shoga yako,
Mama Rayyan