Chonga ufunguo wa akiba kabla wa kwanza haujapotea

Mhariri,

Wenye pikipiki wengi humkumbuka fundi wa funguo siku ufunguo wa pekee unapopotea. Wamechelewa, maana ufunguo ukiwapo bado, kunakili ule usio na chipu (kifaa kidogo cha elektroniki ndani yake) ni kazi ya dakika chache.

Mpelekee fundi ufunguo halisi uliokuja na pikipiki, si nakala. Mashine hufuata meno kama yalivyo. Kasoro ya nakala ya kwanza huongezeka kwenye ya pili. Ufunguo halisi ukiwa umelika, tafuta namba yake: mara nyingi imegongwa kwenye ufunguo wenyewe au kwenye kibati kilichokuja nao. Kwa namba hiyo, fundi mwenye vifaa huchonga meno ya asili.

Ufunguo mtupu, yaani ule ambao meno yake hayajachongwa, ndio unaoharibu kazi usipofaa. Linganisha mifereji ya ubavuni, unene na urefu wake na vya ufunguo halisi. Mifereji ikiwa upande wa pili, hautaingia kamwe, hata meno yakichongwa sawasawa.

Ufunguo mpya ujaribu papo hapo kwenye swichi, kufuli la usukani, kifuniko cha tangi na kiti. Ukikwama, usiulazimishe, maana utakatikia ndani. Fundi aondoe chenga zilizobaki kwenye meno kwa tupa laini. Kitasa kikiwa kikavu, weka unga wa grafiti. Oili nzito hunasa vumbi.

Na kama funguo zote zimepotea? Kwenye pikipiki nyingi, ufunguo wa swichi hufungua pia kiti. Fundi akikitoa kitasa cha kiti, anaweza kuchonga ufunguo kwa kupima vibati vidogo vya ndani ya kitasa vinavyosukumwa na meno.

Fundi wa funguo