Ada nafuu Maine ipo, ila chungeni krediti

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwa ajili ya wazazi Wakongo, Warundi na Wanyarwanda walioko jimbo la Maine, Marekani. Ni jimbo la vijijini, lakini lina vyuo saba vya jamii vya umma, yaani vyuo vya miaka miwili vyenye ada nafuu, kuanzia Wells kusini hadi Presque Isle karibu na Kanada. Kimoja kiko Auburn, ng'ambo tu ya mto kutoka Lewiston.

Anzeni na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali ya Marekani wa kulipia masomo. Haina malipo, msimlipe mtu kuijaza. Ruzuku ya Pell, inayoombwa kwa fomu hiyo na ambayo hairudishwi, kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26. Mzazi asiye na namba ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) bado anaweza kufungua akaunti ya fomu hiyo na kutia saini, kwa hiyo asimzuie mwanawe.

Hasara kubwa hutokea wakati wa kuhamia chuo kikuu kutoka chuo cha jamii. Krediti ni vipimo vya masomo ambavyo mwanafunzi hukusanya kozi kwa kozi: shahada ya kwanza ni krediti 120 hivi, na shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii ni takriban 60. Kozi za ufundi, kama uchomeleaji, mara nyingi hazihesabiwi zote, na kijana hujikuta akilipia upya. Kabla ya kujisajili, aamue anakotaka kuhamia, kisha aombe orodha ya kozi zitakazopokelewa huko, kwa maandishi. Tena, krediti 12 kwa muhula humfanya mwanafunzi wa muda wote, lakini kwa mwendo huo 60 humchukua mihula mitano, si minne.

Wazazi na washauri wa elimu,
Lewiston, Maine