KUH: Kyubu ya mauzo mliyotuundia imehamisha wateja wa Naivasha

Nakuru

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari ya kazi. Mimi ndio naangalia data hapa kwetu, tunasambazia agroveti chakula cha mifugo na mbegu huku Nakuru, na naandika hii barua juu tiketi nne za malalamiko nimefungua zote mmezifunga na jibu moja tu, eti tusafishe data yetu. Data yetu iko sawa. Shida ni hayaraki zenu, yaani zile ngazi mlizopanga, kaunti, kaunti ndogo, wadi, ndani ya kyubu, ile hifadhi ya data inayotujumlishia mauzo kwa ripoti.

Sikieni. Jumatatu tuko kwa mkutano, bosi akafungua ripoti, akabonyeza ile alama ya kujumlisha kwa kaunti ya Nakuru, akaingia Nakuru Mjini Mashariki, akaingia wadi ya Biashara, akaanza kusoma majina ya maduka. Akasimama kwa moja. "Huyu si wa Naivasha?" Kimya. Kumbe wadi ya Biashara iko Nakuru Mjini Mashariki na iko Naivasha pia, na nyinyi kwa dimensheni ya mahali, yaani orodha ya maeneo, mliweka jina peke yake liwe kii, kile kitambulisho cha kila wadi, sasa kyubu ikaona ni wadi moja tu ikaipa mzazi mmoja, yaani kaunti ndogo moja ya juu yake, basi. Ukifungua Naivasha, Biashara haipo hata kidogo. Na jumla ya kaunti inatoka sawa mpaka shilingi ya mwisho, ndio maana miezi mitatu yote hakuna mtu alishtuka, makosa ya namna hii hujificha katikati si juu. Kijana wetu wa Naivasha ameitwa ofisini mara mbili aeleze mbona hauzi, mwenzake wa hapa town tukampigia makofi. Hata mimi nilipiga.

Nimeangalia seting, kosa la kii kujirudia limeachwa lipuuzwe. Yaani hata kama sistimu ilitaka kupiga kelele ilishafungwa mdomo.

Na msiniambie ni bahati mbaya ya jina. Nchi hii ina wadi 1,450, majina lazima yagongane. Tunapanga kufungua Bungoma, na huko kuna wadi inaitwa Township, Garissa nako kuna Township, sasa siku moja mtatuuzia mbegu Garissa na hatujawahi kupeleka lori huko. Kila wadi ina namba yake ya IEBC, tume ya uchaguzi, na invoisi zetu zote ziko nayo, mngetumia hiyo, au hata mngeshika kaunti ndogo na wadi pamoja vikawa kii moja. Hakuna mtu alituuliza.

Tarehe nayo! Miezi imepangwa kwa alfabeti, Agosti inaongoza, inafuata Aprili, halafu Desemba. Hiyo ni kucheka tu. Lakini wiki mmeiweka chini ya mwezi na wiki haitoshei ndani ya mwezi, chukueni ile ya Jumatatu 29 Julai 2024 mpaka Jumapili 4 Agosti, siku tatu ni za Julai nne ni za Agosti, kyubu ikabeba zote saba ikaziweka Julai. Watu wetu hulipwa kamisheni kwa mwezi. Wiki ingekuwa na hayaraki yake kando, wiki kisha siku, na ile ingine mwaka, robo, mwezi, siku, zikutane tu huko chini kwa siku.

Tunataka hizi kii zirekebishwe na kyubu ijazwe upya kuanzia siku ya kwanza, si kuanzia leo, na mtume mtu akae na sisi hapa walau nusu siku kabla hajagusa kitu. Malipo ya pili bosi amesema yatangoja mpaka Biashara ya Naivasha irudi Naivasha.

Halafu mniandikie ukurasa mmoja, na muhuri wenu, useme kosa lilikuwa la kyubu. Ile barua ya onyo aliyopewa kijana wa Naivasha bado iko kwa faili yake na HR hawataki kuitoa kwa maneno yangu matupu.

Mchambuzi wa data, idara ya mauzo