Nafasi Tisa, Pasipoti Mbili: Risala kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Bwana Mwenyekiti wa umoja wetu,
Mashekhe, maustadhi na wachungaji mliopo,
Walimu wetu, wazee wetu, na mama zetu mliovuka bahari tangu alfajiri kutoka Faza, Kizingitini, Ndau na Kiunga,
Wanafunzi wenzangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hamjambo nyote.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa Amu, mji wetu wa Lamu, tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwito wetu. Tunajua ulikuwa na mialiko mingine, na tunajua kuvuka kutoka Manda kwa boti msimu huu wa kusi si raha kwa mtu aliyezoea gari. Umekuja, na kuja kwako kumetupa moyo. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tuna maradhi yetu, na leo tumeazimia kukuonyesha hasa mahali panapouma.

Historia yetu tutaipita mbio, kwa kuwa maji yanakupwa, na waliokuja kwa mashua za Pate wanajua kwamba mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakishatoka. Umoja huu wa wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotoka Lamu ulianza miaka tisa iliyopita, wanafunzi saba walipokaa kwenye baraza ya nyumba moja mtaa wa Langoni wakakubaliana kuchanga shilingi hamsini hamsini. Leo tuko 140, tumetapakaa Kilifi, Mombasa, Nairobi, Eldoret hadi Maseno. Katika muda huo tumeleta mapinduzi ya elimu katika kaunti hii. Kila likizo tunafundisha hisabati na sayansi bila malipo katika shule za visiwani na za bara. Tumepanda miche 600 ya mikoko, na mingi imeshika. Tuliandaa kongamano la kuwasaidia wanafunzi wa kidato cha nne kuchagua masomo, na vijana walikuja kutoka Witu hadi Kiunga. Hayo yote tumeyafanya kwa michango yetu wenyewe, na tunayasema kifua mbele.

Sasa, Mheshimiwa, tuje kwenye jambo lililotufanya tukualike.

Rasimu ya kwanza ya risala hii ilikuwa na maombi saba. Kulikuwa na projekta, kompyuta mbili, ofisi ndogo, jezi, na mengineyo. Kamati ilikaa ikayafuta sita. Tumejifunza kutokana na miaka iliyopita kwamba maombi yakiwa mengi, lile zito huachwa nyuma. Viti hivi vya plastiki tulivyokalia vilitoka kwa mgeni rasmi mmoja wa zamani, na tunamshukuru kwa dhati, kwa sababu tunavitumia hadi leo. Lakini siku ile tulimwomba nauli za wanafunzi. Kwa hiyo leo tuna ombi moja tu, na tunakusihi utuchukulie hilo hilo.

Ombi lenyewe linahusu ziara ya kujionea kazi ng'ambo. Kwa faida ya wazazi ambao hawajaisikia, hii si safari ya masomo, si ya ajira, wala si utalii. Mwanafunzi wa chuo kikuu anapelekwa siku kumi mahali kazi zinapofanyika, anakaa na wafanyakazi, anaona siku yao inavyokwenda, anawauliza walisoma nini na waliingiaje, kisha anarudi kumaliza masomo yake akijua anakokwenda. Wafadhili wa Ulaya wanaoiendesha hulipa tikiti ya ndege, malazi, chakula na usafiri wa huko. Mwanafunzi huandika wasifu wake, huandika barua ya kueleza kwa nini anataka kwenda, kisha huhojiwa kwa mtandao. Mwaka huu ziara ni ya mwezi wa kumi, mjini Rotterdam, Uholanzi.

Kwa nini Rotterdam? Ile ndiyo bandari kubwa kuliko zote Ulaya. Imejinyoosha zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini hadi Bahari ya Kaskazini, na hupitisha makontena zaidi ya milioni 13 kwa mwaka, kwa kipimo cha kontena la futi ishirini. Sisi hapa ujenzi wa bandari yetu ya Lamu ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012. Gati la kwanza lilianza kazi tarehe 20 Mei 2021, na leo yako matatu kati ya 32 yaliyochorwa kwenye mpango. Mtoto wa Kililana anaziona kreni kila asubuhi kwa mbali. Anajua kazi ya mwalimu, ya muuguzi, ya askari na ya mvuvi, kwa sababu watu hao anaishi nao. Lakini yule anayekaa ndani ya ofisi ya bandari akapanga meli nzima kabla haijafika, huyo hajawahi kumwona, na kazi ambayo hujawahi kuiona huwezi kuiomba. Wenzetu wa mbali wataiomba, wataipata, na sisi tutabaki kusema tumeonewa.

Mwenzetu mmoja alibahatika kwenda mwaka juzi, wa kwanza kutoka visiwa hivi kwa njia hii. Alikuwa na pasipoti yake tayari, na mjomba wake wa Mombasa alimlipia mengine. Aliporudi alituhadithia tukakaa hadi usiku wa manane. Alikalishwa karibu na mama mmoja ambaye kazi yake ni kupanga makontena melini. Kila kontena lina mahali pake kwa uzito wake na kwa bandari litakaposhushwa. Mazito yanakaa chini ili meli isilale upande, na yanayoshuka mwanzo yanakaa juu ili yasifukuliwe. Mwenzetu akasema moyo ulimruka, maana babu yake, nahodha wa jahazi aliyekuwa akibeba boriti kwenda Arabuni na pepo za kusi, alimfundisha maneno hayo hayo akiwa mtoto pale Matondoni. Alivuka bara zima kwenda kugundua kwamba kazi ile ni ya kwao. Leo yuko mwaka wa mwisho katika masomo ya uchukuzi wa baharini, na anasoma kwa bidii ambayo hatukuwa tukiijua kwake.

Tena walimpeleka kwenye lango la bahari la Maeslant, lililokamilika 1997. Lina milango miwili, kila mmoja upana wa mita 210, nayo hufungwa dhoruba ikija ili bahari isiingie mjini. Waholanzi walianza ujenzi wa namna hiyo baada ya mafuriko ya 1953 yaliyoua watu 1,836 nchini mwao. Sisi tunaoona bahari ikila fukwe zetu tunahitaji vijana waliosimama kwenye mlango kama ule wakauliza maswali.

Mwaka huu, Mheshimiwa, waliokubaliwa kutoka Lamu si mmoja. Ni tisa. Wasichana watano, wavulana wanne. Wamesimama pale nyuma na tunaomba uwatazame. Tisa hao wameshindana na wanafunzi wa miji mikubwa yenye intaneti ya kasi, wao wakafanya mahojiano yao wamepanda juu ya dari kutafuta mtandao. Kati ya hao tisa, wenye pasipoti ni wawili.

Ziara hii inaitwa ya bure, na ni ya bure kweli kuanzia pale mtu anapopanda ndege. Kabla ya hapo hakuna cha bure. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500. Ili kuiomba, kijana wa Kizingitini hupanda boti hadi Amu, akavuka Mokowe, akapanda basi la Mombasa kupitia Witu, Garsen na Malindi, akaweka vidole, akarudi. Ikiwa tayari, anaifunga tena safari hiyo hiyo kwenda kuichukua. Viza ya Uholanzi ni ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada yake euro 90, na huombwa Nairobi, mwombaji akiwepo mwenyewe. Ukinyimwa, ada hairudi. Juu yake kuna bima ya safari, ambayo fidia yake lazima ifikie euro 30,000. Hizo zote hulipwa kwanza na mwanafunzi. Wafadhili humrudishia za viza na bima akishafika, kwa risiti. Na asiyekuwa na za kutanguliza atafikaje?

Hilo si la kufikirika. Mwaka jana tulipata nafasi mbili, na zote zilipotea. Tunaomba ruhusa tulieleze la mmoja, naye ametukubalia.

Ni binti anayesomea uvuvi na viumbe wa baharini. Mama yake aliuza kikuku chake cha dhahabu akampa nauli. Alipofika ofisi ya pasipoti Mombasa akaambiwa jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa neno moja, na kwenye kitambulisho maneno mawili. Jina la kibajuni, Mheshimiwa, ambalo kila karani huliandika anavyolisikia. Akarudi kutafuta wakili wa hati ya kiapo. Akaenda mara ya pili, ikakosekana nakala ya kitambulisho cha babake, ambaye alikuwa baharini. Akaenda mara ya tatu. Pasipoti ikatoka siku nne baada ya wafadhili kumpa nafasi yake mwanafunzi mwingine. Anayo. Mmoja wa wale wawili wenye pasipoti ni yeye, na mwaka huu ameomba tena, ameshinda tena. Kikuku hakikurudi.

Mgeni wetu rasmi wa mwaka jana alikuwa amesimama hapo ulipo. Alisema mbele ya wazazi hawa kwamba maafisa wa pasipoti wataletwa Lamu na mashine zao ndani ya mwezi mmoja, na kwamba shilingi 200,000 zitatoka kwa ajili ya viza. Mama zetu walipiga vigelegele. Tuliandika barua tatu. Katibu aliyenitangulia alikwenda ofisini kwake mara sita kwa nauli yake mwenyewe, akaambiwa njoo Jumatatu, mzee yuko safarini, faili inatafutwa. Hatusemi haya kumvunjia mtu heshima, kwani huenda naye alikuwa na mazito yake. Tunayasema kwa sababu wazazi walioshangilia siku ile ndio hawa waliokaa mbele yako, na baadhi yao walikuwa wameacha kutafuta fedha kwingine kwa kuitegemea ahadi. Deni lile limewaangukia wao.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mweka hazina wetu amepiga hesabu senti kwa senti ili usipate tabu. Pasipoti saba ni shilingi 52,500. Safari za Mombasa, mbili kwa kila mmoja wa hao saba, pamoja na kulala, ni 84,000. Safari ya Nairobi kwa wote tisa ni 72,000. Viza, malipo ya kituo kinachopokea maombi ya viza, na bima kwa wote tisa ni 180,000. Jumla ni shilingi 388,500.

Lakini tunaomba utazame mambo mawili ndani ya hesabu hiyo. Ukitumia nafasi yako, maafisa wa pasipoti wakaja Amu siku tatu tu, zile 84,000 za Mombasa hazihitajiki tena, na jumla inashuka hadi 304,500. Na si hawa saba peke yao watakaofaidika. Wako mahujaji, wako wagonjwa wanaopelekwa India, wako mabaharia, wote hao wanapita njia ile ile. La pili, zile 180,000 wafadhili watazirudisha. Tumekubaliana kwa maandishi na kila mwanafunzi na mzazi wake kwamba zikirudi zinaingia kwenye akaunti ya umoja, ziwangoje wa mwaka ujao. Mchango wako hautaliwa mara moja ukaisha. Utakuwa mtaji, na akaunti ina watia saini watatu, mmoja wao ni mwalimu mkuu mstaafu anayejulikana na kila mtu mjini hapa.

Wazee wetu walikwenda Arabuni na India wakingoja upepo tu. Hata karibuni, 2005, binti wa kwetu alitoka kisiwa cha Pate akaenda Uchina kusomea utabibu, na dunia nzima ikaandika habari zake. Aliweza kwenda kwa sababu kulikuwa na watu waliomshughulikia karatasi zake kwa wakati. Hawa tisa nao wamefanya yote yaliyo katika uwezo wao. Lililobaki haliko katika uwezo wao.

Siku ya mwisho ya kutuma nakala za pasipoti kwa wafadhili ni tarehe 15 Agosti. Tumebakiwa na wiki tisa. Ndiyo maana, kwa heshima zote, hatuombi leo utangaze kiasi mbele ya kipaza sauti. Tunaomba utuachie jina na simu ya mtu mmoja wa ofisi yako atakayelishika jambo hili, na utuandikie tarehe. Fomu za wanafunzi saba zimejazwa, nakala za vitambulisho vya wazazi zimeambatishwa, na safari hii majina tumeyakagua herufi kwa herufi. Zimo kwenye bahasha ya kaki tutakayokukabidhi sasa hivi pamoja na risala hii. Ukurasa wa mwisho una mistari miwili tuliyoiacha wazi, mmoja wa jina na mmoja wa tarehe.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya kamati na wanafunzi tisa