Neno Limo Katika Kamusi

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Ama baada ya salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto, barua yako imenifikia salama na nimeisoma mara tatu, mara ya pili nikicheka peke yangu hadi mama mkwe akachungulia mlangoni kuuliza kulikoni. Kisa cha mwanao kuchapwa fimbo kwa sababu alitamka neno "matako" darasani kimenisikitisha na kunichekesha kwa pamoja, maana mwalimu huyohuyo, kwa maelezo yako, huwaamuru watoto kila asubuhi wakae kitako. Lugha yetu imefanya ajabu hapo: imelichukua neno moja, ikalivika kile kiambishi kidogo cha mbele, ikaliingiza msikitini na barazani likapokewa kwa heshima, na ndugu yake aliyekosa kivazi hicho akaachwa nje. Hata bunduki ina kitako, na askari hukitaja mbele ya mkubwa wake bila kuona haya.

Unaniuliza iwapo maneno tunayoyaita matusi yanastahili kweli kuitwa hivyo. Kiwiko na goti ni viungo na havimkasirishi mtu, unasema, kwa hiyo viungo vingine vina kosa gani vikitajwa, ilhali vyote viliumbwa na Mola mmoja. Na neno ni pumzi tu inayopita mdomoni, basi kwa nini litushinde kulibeba? Nusu ya hoja yako naikubali bila ubishi, na hata naweza kukuongezea ushahidi. Wazee wa mwambao walikuwa wakisema mvua inakunya, wala hakuna aliyeziba pua. Leo mtangazaji wa hali ya hewa atasema inanyesha, ingawa kunyesha kumezaliwa na kitenzi hichohicho, na akiteleza akatumia lile la wazee, watu watamcheka mwaka mzima. Neno halikubadilika hata herufi moja. Sisi ndio tuliolisogelea na kulinusa. Na tafsida nazo hazidumu: kila jina jipya la msalani huanza likiwa safi, kisha harufu ya mahali hulipata, nasi tunaanza kutafuta jingine.

Hata hivyo nusu ya pili ya hoja yako, kwamba neno ni pumzi tu, naikataa, na sababu yangu niliipata kazini. Unajua kwamba kabla sijaacha kazi nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, ambako mashauri yetu husikilizwa kwa Kiswahili na kila kilichosemwa hubaki jinsi kilivyosemwa. Siku moja lililetwa shauri la lugha ya matusi. Mlalamikaji alikuwa mwanamke wa miaka 30 hivi, mtulivu, aliyejitanda vizuri, naye alikuwa ameeleza kituoni kwamba wifi yake alimtukana tusi la nguoni mbele ya watu. Hakimu, kama ilivyompasa, akataka kulisikia tusi lenyewe, kwa kuwa hawezi kukipima kitu ambacho hajawekewa mezani. Yule mama akanyamaza. Akatazama dari, akawatazama mashemeji zake wawili waliokaa benchi la nyuma, akawatazama watu waliokuwa wakingojea kesi zao za mbuzi na mipaka ya mashamba, kisha akainama. Mwishowe hakimu akaniagiza nimpelekee karatasi na kalamu. Aliandika, akaikunja karatasi mara nne, nami nilipoikunjua ili ninakili nilikuwa nimejiandaa kukutana na mojawapo ya yale maneno matano au sita ambayo mimi na wewe tunayajua. Lilikuwa neno moja: tasa.

Walikuwa kwenye arobaini ya mtoto mchanga wa familia. Yeye alinyoosha mikono apewe mtoto ambebe, na wifi yake akasema, wageni wote wakisikia, kwamba mtoto hapewi tasa. Wifi alipopewa nafasi ya kujitetea hakukana kitu. Alisema kwa sauti kavu kwamba neno hilo limo katika kamusi, kwamba hata ng'ombe huitwa hivyo, na kwamba yeye hakutaja kiungo cha mtu. Ndipo mmoja wa wazee wa baraza, mzee ambaye kwa kawaida alikuwa akisinzia tangu saa nne, akafungua macho na kusema: "Limo katika kamusi, mama, na kisu kimo jikoni."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikisoma kwa macho mengine kifungu nilichokuwa nimekinakili mara nyingi bila kukitafakari. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, hakina orodha ya maneno machafu. Kinamtia hatiani anayemtolea mwenzake lugha chafu, ya matusi au ya kufedhehesha kwa namna inayoelekea kusababisha uvunjifu wa amani, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miezi sita. Mtunga sheria, ambaye sidhani kama alikuwa mtaalamu wa lugha, hakuishia kwenye neno lenyewe. Aliangalia limetolewa kwa nani na kwa namna gani. Ndiyo maana naona kwamba swali lako limeanza mahali pasipo pake. Unayaweka maneno kizimbani na kuyauliza yamekosa nini, nayo hayana la kujibu, kwa sababu aliyekosa amesimama pembeni akitazama.

Ukitaka matusi yasiyokuwa na tusi hata moja, somo yangu, huna haja ya kwenda mbali, maana sarufi yetu inayo ya kutosha. Mtu akisema "mzee yule anakuja", amesema habari. Akisema "kizee kile kinakuja", amemtoa mzee katika ngeli ya watu na kumweka pamoja na viti na visahani, bila ya neno lolote ambalo mwalimu wa mwanao angeweza kulichapia fimbo. Tazama pia jinsi tulivyowapanga wenzetu: kipofu, kiziwi, kiwete, kibogoyo, kana kwamba aliyepungukiwa na kiungo amepungukiwa na utu. Naelewa basi kwa nini Sheria ya mwaka 2010 ikaitwa ya Watu Wenye Ulemavu, mtu akitangulia na ulemavu ukimfuata, na kwa nini jina "zeruzeru", ambalo bibi zetu walilitamka bila kinyongo, leo linawaumiza wanaoitwa hivyo. Wapo wanaolalamika kwamba majina haya mapya ni marefu. Ni marefu, ndiyo.

Na kanga je? Jirani yangu wa zamani alinunua doti iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", maneno matatu ambayo hata imamu angeweza kuyasema mimbarini, akaivaa siku tatu mfululizo akipita mbele ya baraza ya mwenzake, na mwenzake alihama mtaa. Taarabu ya mipasho ilipopamba moto Dar es Salaam katika miaka ya 1990, na vikundi vya TOT na Muungano vikirushiana vijembe jukwaani, wanawake walikuwa wakiinuka kutuza huku wakimtazama waliyemkusudia, nawe ungetafuta tusi katika ubeti mzima usilipate.

Sasa geuza upande wa pili. Yapo maneno mazito kabisa ambayo mahali pake hayamtukani mtu. Umewahi kuwaona watani msibani: Mngoni anafika kwenye msiba wa Wahehe akisema kwamba leo mbwa wa kijiji watapumzika, kwa ule utani kwamba Wahehe hula mbwa, analizuia kaburi lisifukiwe hadi apewe chochote, anamsema marehemu kwa uvivu na ulafi wake, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Maneno hayohayo yakisemwa na mtu asiye mtani ni ugomvi wa mapanga. Makunduchi nako, kule Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya, wanaume hutandikana kwa mashina ya migomba hadi hasira za mwaka ziwatoke, na wanawake huzunguka wakiimba nyimbo ambazo siku ya pili yake hawangezirudia mbele ya wakwe.

Lakini kwa nini nihangaike na mifano ya mbali, wakati mimi na wewe tulichezwa ngoma ya unyago mwaka mmoja? Kumbuka usiku ule wa kwanza, tulivyofunika nyuso kwa viganja, si kwa sababu ya yale tuliyokuwa tukionyeshwa, bali kwa sababu aliyekuwa akiyataja kwa majina yake kamili, tena kwa wimbo, alikuwa ni yuleyule bibi ambaye wiki moja kabla alikuwa ametupaka pilipili mdomoni kwa neno dogo kuliko hayo. Yaliyosemwa sitayaandika hapa, kiapo kingali nami, na barua hupitia mikononi mwa wengi. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba hakuna aliyefedheheshwa ndani ya chumba kile. Maneno yale yalikuwa zana za kufundishia, kama chaki. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka 2013, alisifiwa hadi Ulaya kwa sauti yake, lakini kwao Unguja alijulikana pia kama kungwi, na wanawake aliowacheza hawakumwona kuwa mtu wa mdomo mchafu, alikuwa mwalimu. Hata jina hili tunaloitana mimi na wewe kwa sababu tulipewa jina moja, somo, ndilo pia la mwanamke anayemwingiza mwali ndani.

Hapa ndipo ninapoachana na pendekezo lako kwamba tuyatumie maneno haya kila mahali hadi yachakae, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi mpaka maandishi yakafutika. Kwanza, yakichakaa, tutamfundishia mwali kwa maneno gani, na mtani atacheza na nini? Neno ambalo linaweza kusemwa popote halina tena chumba chake. Pili, anayetaka kuumiza hatakosa silaha; akutukanaye hakuchagulii tusi, na ukimnyang'anya hayo matano au sita ataokota "tasa". Mpwa wangu anayesoma chuo amenithibitishia jambo hili bila kujua: mezani hutamka matusi ya Kiingereza kama anayeomba chumvi, kwa sababu hayajawahi kumpaka pilipili mdomoni, lakini siku mwenzake alipomwambia neno moja la Kiswahili kuhusu mama yake alirudi nyumbani na shati lililochanika.

Na kuhusu hilo la mama nina kinyongo changu, ambacho utanivumilia. Nilikuwa ndani ya daladala mwezi uliopita, kondakta na abiria wakigombania chenji ya shilingi mia mbili, na katika dakika moja ya ugomvi wao walikuwa wamekwisha kuwataja mama zao wote wawili kuanzia kiunoni kwenda chini. Nikawawazia wanawake hao wawili: huenda mmoja alikuwa anakaanga vitumbua saa hiyo, mwingine analima, wala hawakupanda gari lile, wala hawakuidai hiyo mia mbili, na bado ndio waliovuliwa nguo mbele ya abiria thelathini. Tunayaita matusi ya nguoni, na jina hilo naliona sahihi kuliko maelezo yote niliyopata kuyasoma, kwa sababu linataja kitendo: mtu amefuatwa ndani ya nguo zake. Ukiniuliza kwa nini maneno yale yanachukiza, sitakwambia ni kwa sababu ya viungo. Ni kwa sababu wanaume wawili wakigombana, anayeaibishwa ni mwanamke ambaye hayupo, na sijui lini tuliafikiana kwamba hiyo ni desturi.

Kwa hiyo mwanao, kwa maoni yangu, hakumtukana mtu. Alitaja kiungo alichonacho yeye, alichonacho mwalimu, na alichonacho waziri wa elimu. Mtafute mwalimu umweleze kwa upole, bila kupeleka kanga yenye maneno, maana nakujua. Kisha ukae na mtoto umtajie majina yote ya mwili wake, ayajue kutoka kwako, na umweleze pia kwamba yapo ambayo bibi yake hapendi kuyasikia wakati wa kula. Atakuuliza kwa nini. Mimi wangu aliponiuliza nilimjibu kwamba hata viatu ni vizuri lakini hatuvipandishi kitandani, akaridhika kwa siku mbili tu.

Nilisahau kukumalizia kisa cha yule mama. Wifi yake alitiwa hatiani na kuachiwa kwa sharti la kutorudia kosa, na ukumbi ukaanza kutoka. Yeye alibaki, akaja hadi kwenye meza yangu akaniuliza kama neno lile litakaa ndani ya jalada. Nikamwambia majalada yote huhifadhiwa, ndiyo kazi yetu. Akafikiri kidogo, kisha akaniomba, kama haliharibu utaratibu wa serikali, mahali pale tu niandike kwa penseli.

Nisalimie wote.

Ni mimi somo yako.