Saa za profesa kwa mwanafunzi nazo zihesabiwe

Kwa Mhariri,

Kila msimu wa mahafali unapowadia jijini Nairobi, tunasoma wasifu wa maprofesa waliopandishwa vyeo, na karibu kila wasifu huanza kwa idadi ya makala walizochapisha katika majarida ya kimataifa. Sina ugomvi na makala hizo, kwani utafiti usioandikwa hupotea. Hata hivyo, katika fani ninayoifahamu kidogo, yaani uchunguzi wa tabia za wadudu, saa anazotumia profesa akiwa ameketi na mwanafunzi si hisani anayoifanya baada ya kazi. Hiyo ni kazi yenyewe, na vyuo vikuu vyetu vinapaswa kuihesabu hivyo vinapoamua ni nani apande cheo.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya upili. Nilipokuwa nikisomea shahada ya kwanza, profesa wetu alituchutamisha asubuhi moja, baada ya usiku wa mvua, kando ya msafara wa siafu uliokuwa ukikata njia ya bustani. Alichukua kijiti, akakwangua udongo wa njia yao kwa upana wa vidole viwili, kisha akanyamaza. Siafu waliokwisha kupita waliendelea na safari, lakini waliofuata walisita pale palipokwanguliwa, wakapapasa huku na huko na kurudi nyuma, hadi mmoja alipovuka, akafuatwa na mwingine, na msafara ukajiunga tena. Mwenzangu mmoja aliharakisha kueleza kwamba siafu vibarua hawana macho, na kwamba huongozwa na harufu iliyoachwa na wenzao. Profesa alimkatiza kwa upole: “Hayo umeyasoma. Niambie umeona nini.” Tulikaa pale zaidi ya saa moja tukiandika dakika kwa dakika. Daftari langu liliporudishwa, lilikuwa na wino mwekundu kila mahali nilipoandika kwamba siafu “waliogopa” au “walitaka”, kwa sababu woga wao sikuuona. Nilichokiona ni miguu na vipapasio.

Nidhamu hiyo ya macho haifundishwi kwa slaidi mbele ya wanafunzi mia tatu, na matunda yake si ya darasani pekee. Waliochunguza jinsi mbung'o anavyomtafuta mnyama wa kumnyonya damu waligundua kwamba huvutwa na rangi ya buluu, na kwamba akishakaribia hupenda kutua penye weusi. Ndiyo maana mitego mingi ya mdudu huyo hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili, vitu ambavyo fundi yeyote wa cherehani anaweza kuvishughulikia. Wakulima wa mahindi wa magharibi mwa Kenya nao wanaujua mfano wao: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, na nyasi za nepia hupandwa pembeni mwa shamba ili nondo hao wakatage mayai huko, ambako viwavi wengi hufa. Mbinu hiyo isingebuniwa kama hapangekuwa na watu wa kufuatilia kwa subira mahali nondo anapochagua kutaga.

Marehemu Profesa Thomas Odhiambo, aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE hapa Nairobi mwaka wa 1970, alilielewa jambo hili mapema. Baada ya masomo yake Makerere na Cambridge, angeweza kuridhika na jina lake mwenyewe. Badala yake, mwaka wa 1983, chini ya uongozi wake, kituo hicho kilianza mpango wa kuwasomesha vijana wa Afrika shahada ya uzamifu kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya bara hili, mwanafunzi akifanya utafiti wake bega kwa bega na mtafiti wa kituo huku chuo kikuu kikimtunuku shahada. Kila ninapopita Kasarani karibu na lango la Duduville, yaliko makao ya kituo hicho, hujiuliza kwa nini mpangilio wa namna hiyo haujawa desturi ya kila idara ya Biolojia nchini.

Nina sababu ya kuuliza. Nilipojiunga na chuo kingine kwa uzamili, chuo ambacho sitakitaja, sura ya kwanza ya tasnifu yangu ilikaa mezani kwa msimamizi miezi minane. Iliporudi ilikuwa imeongezwa mkato mmoja, katika ukurasa wa pili. Simlaumu peke yake, kwa maana alifundisha madarasa yaliyofurika, na hakuna aliyemuuliza alikutana nami mara ngapi. Aliulizwa amechapisha nini.

Mwaka huu nyigu amejenga viota vya udongo kwenye dirisha la maabara yetu, na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu amemfuatilia kwa majuma matatu. Ameandika kwamba nyigu huvuma kwa sauti kali anapopaka tope, lakini hatoi sauti hiyo anapoingiza buibui wa kulisha kizazi chake. Nilimweleza kwamba mtikisiko huo husaidia kulainisha udongo ili ushikamane. Alifikiri kidogo, kisha akauliza: tukimwekea tope lenye maji mengi zaidi, je, atavuma kwa muda mfupi zaidi?

Hilo ni swali la utafiti, Mhariri, na maabara yetu haina hata kinasa sauti cha kulijaribia. Daftari la msichana huyo ninalo. Akiwapo profesa wa wadudu aliye tayari kuketi naye Jumamosi moja kando ya dirisha hilo, nitamfungulia lango mwenyewe.

Mwalimu wa Biolojia,
Kasarani, Nairobi