Kwa Nini Tunakulipisha Saa Moja ya Kukaa kwenye Ndoo

Mwezi uliopita meneja wa ghala moja pale Buguruni alinirudishia ankara ya kazi yetu ya usalama wa moto ikiwa imechorwa kwa kalamu nyekundu. Mistari mitatu ya kwanza hakuigusa: kukagua eneo, kuandaa kibali cha kazi ya moto (yaani kazi yoyote ya cheche au joto), kusimamia mafundi wakati wa kuchomelea. Mstari wa nne, saa moja ya kulinda eneo baada ya kazi, aliukata mara mbili, pembeni akaandika "Kukaa??" Halafu akanitumia sauti ya WhatsApp ya dakika tatu. Mafundi walimaliza saa kumi jioni, wakafunga nyaya zao, wakaondoka. Kijana wetu akageuza ndoo, akaikalia mpaka saa kumi na moja. "Kaka, nimemwona kwa macho yangu, amekaa kwenye ndoo anaangalia ukuta. Na hiyo nilipie?"

Wengine wameniuliza hivyohivyo kwa maneno mengine. Mmoja aliniambia tunauza usingizi. Basi leo nijibu kwa kirefu, kwa sababu kwenye simu huwa naishia kupandisha sauti.

Cheche za welda si za kuchezea. Pale fundi anapogusisha fimbo, joto linapita nyuzi 3,000, na vipande vya chuma kilichoyeyuka vinaweza kuruka mita 10 na zaidi. Kikitua kwenye sakafu ya zege kinazima chenyewe, hakuna shida. Shida ni kile kinachodunda, kikapenya kwenye ufa wa mbao, kikaingia nyuma ya magunia au kupita chini ya bati kwenda chumba cha jirani. Huko hakitoi mwali. Kinafukuta. Maranda, pamba, magunia ya katani, sponji ya godoro, vyote vinaweza kufukuta muda mrefu bila mtu kuona kitu, mpaka hewa ipate njia. Ikiipata, fundi aliyechomelea yuko kwenye daladala, meneja yuko nyumbani anakula.

Sasa mtu aliyekaa kwenye ndoo anafanya nini? Kwanza, ndoo ile iko mahali ambapo anaona kona yote ya kazi na mlango kwa pamoja. Mtungi wa kuzimia moto uko mguuni pake, tena wa kwetu, siyo ule wa mteja ambao hatujaufungua. Kila baada ya dakika kumi anainuka, anazunguka upande wa pili wa ukuta, anapapasa bati kwa mgongo wa kiganja. Mgongo wa kiganja, siyo kiganja chenyewe. Ukiungua, kiganja bado utakihitaji kushika mtungi. Ananusa. Anasogeza gunia la chini kabisa, maana la juu halina habari. Akikaa tena anaandika saa. Hiyo karatasi anayoandika ndiyo mnayoiita "kujifanya bize".

Pale Buguruni hakukutokea kitu. Kijana aliandika mara sita "hakuna joto, hakuna moshi", akasaini, akaenda kwao. Meneja anaona hapo nimempiga. Mimi naona hapo ndipo alipopata alicholipia.

Ngoja niwaambie la Keko, ingawa halitupambi. Ni karakana ya samani, miaka kadhaa nyuma, tunasimamia kuchomelea nguzo za banda jipya. Mwenye mali akasema, "Nyie mkimaliza nendeni, mlinzi wangu yupo, ataangalia." Alitaka kupunguza shilingi 20,000. Nikakubali, tukamsainisha, tukaondoka. Mlinzi kweli alikuwepo, ila yuko getini, na hakuna aliyemwambia aangalie nini. Saa tisa usiku nikapigiwa simu. Makabati ya oda nzima yamekwenda, na nusu ya paa. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa cheche yetu, lakini moto ulianzia kona ileile, kwenye rundo la maranda ambalo mchana tulilifagia likasogea, badala ya kulitoa nje. Makosa mawili, na yote tuliyaona. Tangu siku hiyo mstari wa nne hautoki kwenye ankara. Mteja asipoutaka, namwelekeza atafute watu wengine, na simnunii.

Kuna hili neno "afisa usalama wa moto", ambalo wengi wanadhani ni fulana ya rangi ya chungwa. Tunafundisha watu wa ofisini kwa siku moja, wanajifunza kuvuta pini, kulenga chini ya moto siyo kwenye ndimi zake, kubana, kufagia kushoto na kulia. Vizuri. Kesho yake bosi anampa fulana dada wa mapokezi, anabandika jina lake ukutani, amemaliza. Sina neno na dada wa mapokezi, wala na walinzi. Mmoja wa watu makini kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi alianza kama mlinzi wa geti Tabata. Ninachouliza ni kimoja: je, huyo mtu anaweza kumwambia bosi "toa hayo magodoro mlangoni", na bosi akayatoa?

Maana hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko mtungi. Kwenye loji moja Sinza tulikuta mlango wa dharura wa ghorofa ya pili umefungwa kwa kufuli. Ufunguo? Kwa bosi. Bosi? Mwanza. Na nyuma ya mlango, kwenye ngazi, magodoro kumi na moja ya akiba yamesimamishwa kama watu kwenye foleni. Sababu ilikuwa ya maana kwao: wateja walikuwa wanatoroka na taulo bila kulipa. Nikamwambia meneja, taulo shilingi ngapi? Akacheka. Lakini kufuli lilibaki wiki mbili zaidi, kwa sababu "afisa" wao hakuwa na mamlaka hata ya kununua komeo la kusukuma kwa ndani. Kule shule ya Kyanguli, Machakos, Kenya, Machi 2001, moto ulipowaka, walikufa wavulana 67 bwenini. Madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa. Hapa kwetu tunalo la shule ya Shauritanga, Kilimanjaro, 1994, wasichana zaidi ya 40. Wenye hosteli mnaosoma hapa, mkituita, sisi tunaanzia mlangoni kabla ya kuuliza mitungi iko mingapi. Msikasirike.

Anayejua kazi hii anajua pia mambo madogo yasiyoonekana. Anajua nani haji kazini leo, ili watu wakikusanyika nje ahesabu asimtume mtu ndani kumtafuta aliyeko likizo. Anajua swichi kubwa ya umeme iko wapi, na kwamba haijafichwa nyuma ya friji la soda. Anajua nani aliacha pasi imechomekwa umeme ulipokatika, kwa sababu umeme ukirudi saa nane usiku pasi nayo inarudi. Jikoni anajua kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, hivyo anainama kunusa, na anapima mpira wa gesi kwa povu la sabuni siyo kwa kiberiti. Mjuzi wa kiberiti tulimkuta Mikocheni, mpishi mzima. Nyusi zilikuwa zimeanza kuota tena.

Haya, mitungi. Hapa ndipo mnapotuita matapeli.

"Mtungi haujatumika, mnataka kuujaza wa nini?" Unga wa kuzimia moto ulio ndani ukikaa unashuka na kushikana, hasa mtungi ukisafirishwa kwenye pikipiki ukiwa umesimama, na unyevu wa pwani ukipata upenyo ndiyo kabisa. Geji inaweza kuonyesha kijani kabisa na ndani kukawa na jiwe. Geji inasoma presha, haisomi unga. Ndiyo maana mkituona tunaupindua mtungi na kutega sikio, hatufanyi mazingaombwe. Unga mzima unashuka kama mchanga mkavu. Ulioganda unaanguka kipande, "tup", au haushuki.

Kuna watu wanapita na mitungi kwenye bajaji, shilingi 10,000 wanakujazia ukiwa unaangalia na stika mpya juu. Sisemi wote ni kanjanja. Ila mwaka juzi tulifungua mtungi wa kilo sita wa mteja wa Ilala aliyejaziwa hivyo. Unga mweupe, laini mno. Niliomba glasi ya maji. Chukua unga halisi wa kuzimia moto, nyunyiza kidogo juu ya maji: unaelea, kwa sababu umepakwa silikoni ili usinywe unyevu. Ule wa Ilala ulizama palepale, maji yakawa kama uji. Tulipousugua vidoleni tukajua ni unga wa jipsamu, ule wa kuziba nyufa za dari. Mteja aliangalia ile glasi bila kusema kitu, akaenda kuleta mitungi mingine minne. Miwili ilikuwa vilevile. Kwa hiyo ukinilinganisha bei na mtu wa bajaji, linganisha ukiwa na glasi ya maji karibu. Mimi nikija, niombe nikufanyie.

Kwenye bei yetu kuna unga wenyewe, nitrojeni ya kuusukuma, oringi mpya (mpira wa kuzuia kuvuja), sili mpya, kupima uzito kabla na baada, na mtungi wa kuazima wakati wako uko kwetu. Hilo la mwisho watu hawalithamini. Ofisi inabaki siku tatu na hanga tupu ukutani, na moto hausubiri fundi arudi.

Halafu tafadhali, msijaribu mtungi. Kila wiki lazima apatikane mmoja: alibana kidogo tu, "fyuu", aone kama unafanya kazi. Ukishabana, chembe za unga zinabaki kwenye vali, haifungi vizuri tena, na presha inatoroka taratibu usiku kucha. Asubuhi geji iko sifuri, na mteja anasema tulimpa mtungi mbovu. Nimeshabishana na mtu hivi huku shati lake lina unga kifuani. Mtungi uliobanwa hata sekunde moja unarudi kujazwa wote. Na wa kilo sita wenyewe, ukibana mfululizo, unaisha kwa kama sekunde 15 hadi 20. Hakuna wa kuchezea humo.

Lalamiko la mtungi wa CO2, ule wa gesi ya kaboni dioksidi badala ya unga, ni la aina yake: "Wenu hauna geji, mmeniuzia feki." Wa CO2 hauna geji popote duniani kama kawaida yake, kwa sababu gesi imekaa ndani kama maji, na presha haikwambii imebaki kiasi gani. Unapimwa kwa mizani. Uzito mtupu umegongwa kwenye shingo ya chuma. Utoe kwenye uzito uliopima, utapata gesi iliyobaki. Ikipungua zaidi ya asilimia 10, unajazwa. Ndiyo maana kijana wetu anakuja na mizani, na ndiyo maana mlinzi wenu alitutania kwamba tunanunua chuma chakavu. Tena usishike ile pembe nyeusi ya kutolea gesi wakati inatoa; baridi yake inabandua ngozi.

Mwisho wa malalamiko, cheti. Cheti cha ukaguzi cha kila mwaka kinatolewa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, siyo sisi, na ada yake ni ya serikali. Sisi tunakuandaa ili mkaguzi akija asikute aibu. Anayekuahidi cheti bila mkaguzi kukanyaga kwako, muulize vizuri. Na moto ukiwaka kweli usianze kunipigia mimi. Piga 114 kwanza. Kuna mteja alinipigia mara saba huku nyumba ya jirani inawaka.

Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua, simu yetu haikupumzika wiki mbili. Kila mtu anataka ukaguzi leo, bei si tatizo. Ilipofika Septemba, walewale wakaanza kuomba tuwapunguzie, na cha kwanza walichotaka kitolewe ni kile wasichokiona. Nawaelewa, biashara ngumu. Nitapunguza usafiri kama uko njiani kwetu. Nitakupa muda wa kulipa kwa awamu. Ukiwa na mitungi zaidi ya kumi tunazungumza.

Meneja wa Buguruni alilipa mistari mitatu, wa nne akaniachia deni. Juzi kanipigia tena: geti la nyuma limelegea, mafundi wa kuchomelea wanakuja Jumamosi, naomba bei. Nimemtumia ileile, deni la zamani likiwa chini. Amejibu kwa neno moja: "Sawa." Halafu baada ya dakika kadhaa: "Safari hii ndoo tutawapa sisi, au nilete kiti?"